KESI YA KIKUNDI INAWEZA KUTUPWA KABLA YA KUSIKIZWA
Mambo ya kuangalia katika hati ya madai



Watu wengi hudhani kwamba ukiwa na haki yako, risiti unazo na mashahidi unao, basi ukifika kortini hakimu atakusikiza kwanza ndipo aamue. Sivyo kila mara. Kesi inaweza kufungwa kabla hata shahidi mmoja hajasimama kula kiapo, na sababu ikawa ni ile karatasi yenyewe mliyoipeleka. Karatasi hiyo ndiyo hati ya madai. Ndani yake mdai anaeleza yeye ni nani, anamdai nani, limetokea jambo gani, wapi na lini, na anaiomba korti imfanyie nini. Hati ikiwa na kasoro fulani, korti inaweza kuikataa au kuifuta, na mkaambiwa mrudi nyumbani na gharama za mwenzenu mlipe.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kufundishia tu, msianze kutafuta ni kikundi gani. Tuseme wavuvi 22 wa kisiwani wamechanga kwa miaka miwili, wakafikisha Sh.280,000, wakampa mfanyabiashara wa Mombasa awaletee injini ya boti. Injini haikuja. Wakipiga simu wanaambiwa wiki ijayo. Wakaenda kwa wazee, wakaenda kwa chifu, mfanyabiashara akaitwa, akaahidi, akapotea tena. Mwisho wakachanga tena, safari hii kwa ajili ya kesi. Nauli ya boti hadi Shimoni, matatu hadi Kanana, kutoka hapo gari lingine, halafu ada ya korti. Katika hati wakaandika mdai ni kikundi chao, kwa jina lile lile lililo kwenye cheti. Wakili wa mfanyabiashara hakukana kwamba pesa zilipokelewa. Alisema neno moja tu: huyu mdai kisheria hayupo. Hakimu akakubaliana naye, na kesi ikaisha hapo.

Je, wavuvi walikuwa hawana haki? Haki walikuwa nayo. Lakini haki yao haikufika mbele ya hakimu, ilikwama mlangoni. Basi tuangalie milango hiyo mmoja mmoja, na tutakaa zaidi kwenye ile inayovishinda vikundi.

SHERIA INASEMA NINI

Kenya tunafuata Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2010. Agizo la 2, kanuni ya 15, ndilo linaloipa korti uwezo wa kuifuta hati katika hatua yoyote ya kesi. Sababu ni nne: hati haionyeshi dai lolote la kisheria, au imejaa matusi, upuuzi na usumbufu, au inaweza kuvuruga na kuchelewesha kesi isisikizwe kwa haki, au ni kuitumia korti vibaya kwa njia nyingine yoyote. Mbali na hizo, ziko sababu zinazotoka katika sheria nyingine, kama vile muda kupita au korti kutokuwa na mamlaka. Hizo huletwa zaidi kwa njia ya pingamizi la awali.

Kwa kuwa wengi wenu mna jamaa na biashara ng'ambo ya Vanga, niseme kwamba Tanzania na Uganda zimeyaandika mambo haya waziwazi zaidi. Huko ni Agizo la 7, kanuni ya 11, iliyotokana na sheria ya India ya mwaka 1908, na inasema hati ya namna fulani sharti ikataliwe: isiyoonyesha chanzo cha madai, iliyoandikwa thamani pungufu na mdai akakataa kuirekebisha, na ile ambayo kwa maneno yake yenyewe inaonekana imezuiwa na sheria. Kwa hiyo anayekwenda kumdai mtu Tanga asidhani atapumzika. Mambo ni yale yale, kwa jina lingine.

NANI ANADAI?

Hapa ndipo vikundi vyetu huumia zaidi.

Sheria inamjua mtu wa aina mbili. Kuna mtu wa nyama na damu, kama mimi na wewe. Kuna na mtu wa sheria, yaani chombo kilichosajiliwa kwa namna ya kukipa uhai wake chenyewe: kampuni, chama cha ushirika kilichosajiliwa, au wadhamini waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini. Hivyo vinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa majina yao. Kikundi cha kujisaidia ni watu waliokusanyika. Cheti cha ofisi ya Maendeleo ya Jamii ni kizuri, kinawawezesha kufungua akaunti na kupata misaada, lakini kuwa na cheti si sawa na kuwa kampuni.

Msidhani ni nyinyi wadogo tu mnaokutwa na jambo hili. Kanisa zima, Free Pentecostal Fellowship in Kenya, lilifungua kesi dhidi ya benki katika Mahakama Kuu mwaka 1992. Msimamo uliotolewa na korti katika kesi hiyo unarudiwa na mahakimu hadi leo: watu waliojiunga pamoja bila kuwa chombo cha kisheria hushtaki kwa majina ya wanachama wote, au, wakiwa wengi, mmoja au wachache hushtaki kwa niaba ya wenzao.

Na sasa kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na vikundi vingi vimepata au vinatafuta vyeti chini yake. Ushauri wangu haubadiliki: hata kama cheti ni kipya na kinang'aa, msiubahatishe mtaji wenu kwa kubishana kortini juu ya cheti. Andikeni majina ya watu.

Inafanywa hivi. Wanachama wanakutana, wanaandika katika kitabu cha mikutano kwamba wameamua kwenda kortini, dhidi ya nani, kwa dai gani, na wamewachagua fulani, fulani na fulani wadai kwa niaba ya wote. Kila mwanachama anatia sahihi, na asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole baada ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Katika hati, wadai wanaandikwa kwa majina yao kamili, kisha inaelezwa kwamba wanadai kama viongozi na kwa niaba ya wanachama wa kikundi kile. Agizo la 1, kanuni ya 8, linaruhusu njia hii kwa watu wenye maslahi ya aina moja. Lakini lina sharti ambalo husahauliwa: wenzenu wote wajulishwe kuhusu kesi, kwa mkono, au kwa tangazo la hadharani ikiwa ni wengi sana, kama korti itakavyoelekeza.

Ile karatasi ya sahihi ina kazi ya pili pia. Kila hati ya madai lazima iandamane na hati ya kiapo ya mdai, akithibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Wadai wakiwa kadhaa, mmoja anaweza kuapa kwa niaba ya wengine, ila awe na idhini yao kwa maandishi, na idhini hiyo iwekwe kortini. Kiapo kikikosekana, au idhini ikikosekana, Agizo la 4 linampa hakimu uwezo wa kuifuta hati hata bila upande wa pili kuomba. Mwenyekiti anayesema "hawa ni watu wangu, wananijua" hajamsaidia hakimu kitu.

Kuna jambo lingine la nani anadai, nalo linagusa mashamba na nyumba za urithi. Marehemu hawezi kudai, na mwanawe hawezi kudai mali ya marehemu kwa sababu tu ni mwanawe. Mjane pia hawezi kwa sababu tu ni mjane. Mahakama ya Rufani ililisema hili mwaka 1993 katika kesi iliyotoka huku kwetu pwani: anayetaka kudai kwa ajili ya mali ya marehemu lazima kwanza apate hati ya usimamizi wa mirathi. Akifungua kesi leo na hati ya usimamizi akaipata mwezi ujao, kesi ya leo haiponi. Ipo hati ya muda, ya kuendesha kesi tu, ambayo hupatikana mapema kuliko ile kamili. Ulizeni hiyo.

Upande wa mdaiwa nao uangaliwe. Mkiwa na dai dhidi ya ofisi ya Serikali, mfano ofisi ya chifu au wizara, anayeandikwa kuwa mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lakini Shirika la Wanyamapori la Kenya, ambalo nyinyi majirani wa hifadhi ya Kisite-Mpunguti mnalijua vizuri, ni chombo cha kisheria na hushtakiwa kwa jina lake. Kumtaja mdaiwa asiyefaa si kosa la kuua kesi peke yake, maana kanuni zinaruhusu kuongeza au kutoa majina. Lakini kila marekebisho ni safari nyingine ya kuvuka maji.

SAA INAKIMBIA

Kosa la pili ni la muda, na hili halina dawa kama lile la majina. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inaweka mipaka. Dai la mkataba, kama lile la injini, ni miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Dai la madhara, mfano gari limekugonga au mtu ameharibu nyavu zako kwa uzembe, ni miaka 3. Kudai kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Kashfa ni mwaka mmoja. Na tafadhali wekeni alama hapa: dai la madhara dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu, na la mkataba dhidi ya Serikali ni miaka 3.

Hati ikionyesha kwa tarehe zake yenyewe kwamba muda umepita, wakili wa upande wa pili hana haja ya kusema mengi. Kwa madhara ya mwili ipo nafasi ndogo ya kuomba muda uongezwe, ikiwa mtu hakujua mambo ya msingi. Pakiwa na ulaghai uliofichwa, saa huanza siku ulipogunduliwa au ulipoweza kugunduliwa kwa kuwa macho. Kwa deni la kawaida la mkataba, usitegemee huruma ya hakimu, kwa maana sheria haikumpa uwezo wa kuongeza.

Vikundi vinapotezaje miaka? Kwa upole. Sisi watu wa pwani hatupendi korti, na ni vizuri. Tunaanza kwa wazee, kwa imamu au padri, kwa chifu. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inasema njia hizo zihimizwe. Lakini saa ya sheria haisimami kungoja baraza. Mnakaa na mdaiwa mwaka wa kwanza, wa pili, anakuja na tende wakati wa Ramadhani, anaomba radhi, nanyi mnaona aibu. Mwaka wa saba mkienda kortini, yeye yule aliyeomba radhi anasema kupitia wakili wake kwamba mmechelewa. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili.

Dawa iko ndani ya sheria hiyo hiyo. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, au akilipa sehemu ya deni, muda unahesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo kila mnapokaa kwa wazee, msiondoke na ahadi ya mdomo. Ondokeni na karatasi: "Mimi fulani nakiri kwamba nadaiwa Sh.280,000 na wafuatao", tarehe, sahihi, mashahidi wawili. Fanyeni hivyo muda ukiwa bado upo, msingoje uishe. Mtu asiyetaka kutia sahihi mbele ya wazee amekwisha kuwapa jibu, na hapo msipoteze msimu mwingine.

KORTI GANI?

Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya meli iitwayo Lillian S, ambayo kampuni ya Caltex ilikuwa ikiidai pesa za mafuta. Kesi hiyo inatajwa karibu kila siku katika korti za Kenya kwa sababu ya funzo moja: mamlaka ndiyo kila kitu, na korti isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi, inaweka vyombo vyake chini papo hapo.

Tena, kesi iliyofunguliwa mbele ya korti isiyo na mamlaka kabisa hutazamwa kama haikufunguliwa, na mara nyingi hata kuhamishwa haiwezi. Unaanza upya, na muda umekwenda.

Kwa hiyo ulizeni kwanza. Mambo ya ardhi na mazingira yana mahakama yake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo inakaa Kwale pia. Mahakimu nao husikiza ardhi kulingana na thamani. Yale mabaraza ya kusuluhisha migogoro ya ardhi ya sheria ya 1990, ambayo wazee wetu wengi bado wanayakumbuka, yaliondolewa mwaka 2011. Na kama shamba liko katika sehemu ambayo upimaji na uamuzi wa haki za ardhi haujakamilika, sheria inakataza kesi bila idhini ya maandishi ya afisa anayesimamia kazi hiyo. Kwale tumekuwa na sehemu nyingi za namna hii, basi msilipuuze.

Mahakama ya Kadhi husikiza ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Deni la injini si lake, hata kama mdai na mdaiwa husali msikiti mmoja. Mgogoro kati ya mwanachama na chama cha ushirika una baraza lake maalum la ushirika, na ukienda kwa hakimu moja kwa moja utarudishwa. Vivyo hivyo pale ambapo sheria imeweka njia ya kukata rufaa kwanza ndani ya ofisi husika.

Kwa dai la pesa au la bidhaa lisilozidi Sh.1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mombasa ipo. Fomu zake ni rahisi, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Haisikizi ardhi, kashfa wala mambo ya kazi. Wavuvi wa mfano wetu wangekwenda huko. Mfanyabiashara yuko Mombasa, dai ni Sh.280,000, na nyumba ya korti hiyo inafikika kwa siku moja kutoka Likoni.

HATI ISEME DAI

Kuna hati ambayo ukiisoma kurasa tano unajua mwandishi ana hasira, lakini hujui anadai nini. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Auto Garage na Motokov, mwaka 1971, ilitupa kipimo cha maswali matatu. Je, mdai alikuwa na haki fulani? Je, haki hiyo imevunjwa? Je, mdaiwa ndiye wa kuwajibika? Yote matatu lazima yaonekane ndani ya hati yenyewe. Korti ikiombwa kuifuta hati kwa kutoonyesha dai, haipokei ushahidi mwingine, inasoma hati tu. Huwezi kusema "nitaeleza mbele". Mbele hakuna.

Pimeni hati ya wavuvi. Tulikubaliana na mdaiwa tarehe fulani, Shimoni, atuletee injini ya aina fulani ndani ya siku 30, tukamlipa Sh.280,000: hiyo ni haki. Siku 30 zilipita, hajaleta wala hajarudisha pesa: haki imevunjwa. Aliyepokea ni yeye mwenyewe, risiti hii hapa: ndiye wa kuwajibika. Maneno matatu ya wazi yanashinda kurasa tano za malalamiko.

Hadithi za kwamba baba yake naye alikuwa tapeli, au kwamba ana hirizi, ziacheni barazani. Hizo ndizo kanuni inazoziita matusi na usumbufu, nazo zinaweza kufutwa. Kama dai ni la ardhi, elezeni kiwanja kwa namba, au kwa mipaka na ukubwa wake. "Shamba la minazi la mzee karibu na kisima" halitoshi kwa mtu wa Kwale asiyejua kisima chenu.

Hati itiwe sahihi na mdai au wakili wake. Iseme wazi kwamba hakuna kesi nyingine juu ya jambo hilo hilo kati ya watu hao hao. Ikiwa ipo kesi inayoendelea, ya pili itasimamishwa. Ikiwa jambo lilikwisha kuamuliwa na korti yenye mamlaka, huwezi kulirudisha kwa kubadilisha jina la mdai kutoka mwenyekiti kuwa katibu. Pamoja na hati ziende orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa sahihi, nakala za risiti na mikataba, na nakala ya barua ya madai mliyompelekea mdaiwa kabla ya kesi. Ada nayo ilipwe, maana hati ambayo ada yake haijalipwa huhesabiwa kama haijafika. Na jihadharini na wale waandishi wa vibarazani wanaoandika hati kwa malipo bila kuwa mawakili.

PINGAMIZI LIKIJA, MSIKIMBIE

Tuseme mmefungua kesi, na siku mbili kabla ya kutajwa mnaletewa karatasi ya pingamizi. Vikundi vingi hukata tamaa hapo. Msifanye hivyo. Korti zetu hazipendi kufuta kesi ovyo. Katika kesi ya kampuni ya magari ya D. T. Dobie, iliyoamuliwa zaidi ya miaka 40 iliyopita na ambayo bado ndiyo mwongozo, Mahakama ya Rufani ilisema kufuta ni kwa ile hati dhaifu kabisa, isiyoweza kuponywa hata kwa marekebisho. Ikiwa marekebisho yanaweza kuipa uhai, iachwe iishi.

Kwa hiyo la kwanza, rekebisheni. Hati inaweza kurekebishwa mara moja bila ruhusa kabla majibizano ya maandishi hayajafungwa. Baada ya hapo mnaomba ruhusa. Tarehe iliyokosewa, maelezo pungufu, namba ya kiwanja, hizo hutengenezeka. La pili, angalieni kama pingamizi ni la sheria kweli. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969 inajulikana kwamba pingamizi la awali liwe juu ya sheria tupu. Mdaiwa akisema "sikupokea pesa", hilo ni jambo la ushahidi, lisubiri kesi isikizwe.

Wengine hukimbilia kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinachosema haki itolewe bila kujali mno ufundi wa taratibu. Ni kifungu kizuri, kimeokoa wengi. Lakini Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu zimesema zaidi ya mara moja kwamba si dawa ya kila ugonjwa. Hakifufui dai lililopitwa na wakati, wala hakimpi hakimu mamlaka ambayo hana.

Na ikiwa hati imefutwa, ulizeni siku hiyo hiyo: imefutwa, au dai limekataliwa baada ya kusikizwa? Tofauti ni kubwa. Hati iliyofutwa kwa kasoro haijaamua nani mwenye haki, mnaweza kufungua nyingine iliyo sawa, mradi muda haujaisha. Dai lililosikizwa likakataliwa limekwisha, njia iliyobaki ni rufaa. Wavuvi wa mfano wetu, kama mkataba ulivunjwa mwaka wa nne tu uliopita, bado wana miaka miwili. Waandike majina yao na warudi.

DAI LA PESA NA DAI LA HAKI ZA UMMA

Mtaniuliza, mbona wavuvi wa Lamu walishinda? Kesi yao juu ya bandari mpya ilifunguliwa mwaka 2012 na watu wachache kwa ajili ya wengi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru fidia ya Sh.1.76 bilioni kwa wavuvi kama 4,600. Ile haikuwa hati ya madai ya kawaida, bali ombi la kikatiba. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kwa niaba ya kundi, na hata chama kwenda kwa maslahi ya wanachama wake. Kama bahari yenu au maji yenu yanaharibiwa, njia hiyo ipo, na mlango wake ni mpana zaidi. Lakini deni ni deni. Ukilivisha deni la injini kanzu ya katiba, korti italivua.

MSAADA

Asiye na uwezo wa ada anaweza kuomba, chini ya Agizo la 33, aruhusiwe kudai kama mtu maskini. Ombi hilo nalo hupimwa: likikosa kuonyesha dai, litakataliwa, kwa hiyo maswali yale matatu yanawahusu pia. Kituo Cha Sheria na MUHURI wana ofisi Mombasa, na iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Nendeni na kitabu cha mikutano, risiti zote na tarehe zote. Hati yenyewe hupelekwa kwa mtandao siku hizi, basi mkitumia vijana wa saiba someni kila neno kabla haijatumwa.

YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, katika kitabu chetu kuna deni lolote tunalodai? Lilivunjwa tarehe gani, na miaka mingapi imebaki?

2. Kama tungehitaji kudai kesho, ni akina nani watatu tungewapa idhini? Andikeni mfano wa karatasi ya idhini na kila mtu atie sahihi au alama ya kidole.

3. Chagueni jambo moja lililowahi kuwasumbua. Mmoja awe mdai, mwingine hakimu. Mdai ajibu yale maswali matatu kwa sentensi tatu tu. Akishindwa, wengine wamsaidie hadi atimize.